Kitambaa Kilichokwenda China

Nyinyi mliobaki kwenye bohari letu la Sulay, Riyadh, mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifunga vitu, kabla sijasahau. Sijasahau. Mikono yangu bado inaamka asubuhi ikitafuta bisibisi, na hapa kwetu Machakos haipati cha kufungua isipokuwa mizinga ya nyuki, ambao hawapendi kufunguliwa. Lakini nitaandika, kwa sababu nimesikia kwamba ofisi inataka kuifuta ile desturi yetu ya mkono, na kabla hamjaitikia ningependa mjue ilimfanyia nini Rehema.

Mishahara na vyeo nitaviruka. Mshahara kila mtu anaujua wake. Cheo changu, kwa mujibu wa ikama, kile kibali cha kuishi, kilikuwa dereva hadi siku niliyoondoka, na hata toroli sikuwahi kulisukuma likanyooka.

Nilifika Riyadh kupigilia misumari kwenye paleti. Bohari letu lilikuwa kati ya bohari la matairi na mahali pa kupakia tende, kwa hiyo upepo ukitoka upande mmoja tulinusa mpira, ukitoka upande wa pili tulinusa sikukuu. Msimamizi alikuwa Bashiri, Msudani wa Omdurman, mtu mrefu aliyeinama kidogo kana kwamba kila mlango duniani ulikuwa mfupi. Sote tulimwita Ami. Siku ya kwanza hakuniuliza nilikotoka. Aliniuliza baba yangu alifanya kazi gani. Nikamwambia alichonga paa wa mti wa kuuza kwa watalii, paa yule yule mwaka mzima, na kwamba mimi nilikuwa nikiwapiga msasa. Akatikisa kichwa, akanionyesha birika la kauri juu ya rafu, akaniambia nilishushe.

Nikalishika kwa ule mkono wake wa kubebea.

"Umeliua," akasema, bila kupandisha sauti.

Birika lilikuwa zima. Akalichukua kutoka kwangu, akapitisha kiganja kimoja chini ya tumbo lake na kingine ubavuni. "Huo mkono ni pale linapokualika tu. Kitu hushikwa pale kinapoegemea."

Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikika. Baadaye nikaona vikombe, mitungi na sanamu, na vingi vilikuwa vimevunjikia pale pale panapomwalika mtu.

Mengine aliyonifundisha mnayajua, ila mnayafanya bila kuuliza sababu. Kasha hufungwa kwa skrubu, si misumari, kwa sababu kila pigo la nyundo kilichomo ndani hulisikia. Saa, pete na mkanda wenye bizimu hubaki kabatini. Wawili wakibeba, anayesema ni wa mbele peke yake. Wa nyuma kazi yake ni kumwamini. Na kasha likitoka safari hulazwa. Yaani huwekwa limefungwa ndani ya chumba litakamofunguliwa, mpaka mbao zake zipate hali ya kile chumba. Hewa ya Riyadh ni kavu kama biskuti na ya Jeddah ni taulo lililoloa, na udongo wa zamani ukiruka kutoka moja hadi nyingine bila kupumzika hukohoa rangi yake. Ami alikuwa akiweka shavu kwenye ukuta, kisha kwenye kasha, kisha kwenye ukuta tena. Shavu lilipoacha kuona tofauti, alisema yalla, haya tufungue.

Desturi ya mkono niliiona kabla sijamaliza kuzoea joto. Tulikuwa na Mnepali mmoja, Gopal, mtaratibu kuliko sisi sote. Alivunja bawa la ndege wa kioo, mali ya familia moja iliyokuwa ikihamia nyumba mpya. Tulisimama tukingoja afukuzwe, na mmoja wetu alikwisha kukitamani kitanda chake kilichokuwa karibu na kiyoyozi. Ami akakusanya vipande, akampa Gopal, akamwambia yeye ndiye atakayemfunga yule ndege kwenda kwa fundi, yeye atakayemfungua akirudi, na yeye atakayembeba hadi sebuleni kwa mwenyewe. Mtu mwingine asimguse.

"Mkono uliokosea ndio utakaofunga," akasema. "Hii mingine haijakosea bado. Nitaijuaje?"

Gopal alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo na hakuvunja hata glasi ya chai.

Miaka ya taa za kumbi za harusi na meza za marumaru nitaipita haraka. Ami alirudi kwao, bisibisi yake ikabaki kwangu, na watu wakaanza kuniuliza mimi. Ndipo kazi za makumbusho zikaanza kuja, na katika kazi hizo akaja Rehema.

Rehema ni mtu wa Malindi. Alikuwa ameishi ndani ya nyumba moja Riyadh akiosha, akipika na kulea, na madam wake alikuwa na tabia ya kumfuata nyuma na karatasi nyeupe laini, akiipitisha juu ya fremu za milango na chini ya mabomba. Karatasi ikichafuka, chumba chote kilianzwa upya. Familia ilipohamia ng'ambo, kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, akakubali kumwachilia aje kwetu. Alikuja kwa majaribio. Akifaulu, karatasi zake zingehamishiwa kampuni. Akishindwa, angetafutiwa nyumba nyingine au tiketi ya ndege. Aliniambia wazi siku alipofika, akiwa bado na begi mkononi.

"Mzee, mimi ndani kwa watu sirudi. Hapa nimepewa chumba, kidogo, lakini jioni naufunga mlango wangu mwenyewe. Miaka yote ile sikuwahi kushika ufunguo."

Nilimpa glavu.

Kisha makasha ya China yakafika, ya maonyesho. Yaliletwa na mwanamke aliyetumwa na makumbusho ya kwao avilinde vile vitu, jina lake Bi Lin, mfupi, mpole, asiyekaa kitako kasha likiwa hewani. Tulitegemea dhahabu ya wafalme, na Otieno, dereva wetu, alikwisha kuosha lori kwa heshima. Tukafungua, tukakuta majiko ya udongo ya kumsindikiza marehemu ili huko aendako apike. Tukakuta mbwa wa udongo, ghala la nafaka lisilozidi kikapu, na tofali lenye sura ya malkia mmoja wa milimani ambaye wakulima walimwomba awape uhai mrefu. Palikuwa na jiwe la Budha lililochongwa kwa niaba ya kijiji kizima, na chini yake, kuzunguka kiti chake, majina ya waliochangia.

Otieno akaliinamia. "Kumbe hawa walikuwa na chama."

"Harambee kabisa," nikasema.

"Na mweka hazina hakutoroka?"

"Angetoroka, hili jiwe ungeliona wapi?"

Bi Lin alipoelezwa tulichokuwa tukicheka, alicheka pia, kisha akatuonyesha kitu alichokipenda kuliko vyote. Kilikuwa kibao cha udongo, kikubwa kama kiganja, chenye Budha ameketi. Akatuambia mfinyanzi aliukandamiza udongo ndani ya kalibu, akautoa, akakandamiza mwingine, siku nzima. Mtu asiyeweza kuagiza jiwe wala shaba alirudi nyumbani na kimoja. Akakigeuza. Nyuma, penye udongo mtupu, palikuwa na shimo la dole gumba la yule mfinyanzi, na mistari ya ngozi yake bado inaonekana.

Nilimkumbuka baba na paa wake. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kinachotengenezwa kwa haraka, mia kwa mfano mmoja, kinaweza kumsubiri mtu muda mrefu hivyo.

Rehema akauliza kilikuwa cha nani. Bi Lin akasema hawajui. Pengine mwanamke aliyeuza mboga, aliyetaka nyumbani kwake pawe na mmoja wa kumsikiliza. Rehema hakuuliza tena. Lakini tulipokuwa tukila aliniita pembeni, akasema yeye ni Mwislamu, na je, kumshika yule si dhambi. Nikampa jibu la Ami, ambaye hakuwahi kukosa sala: hatubebi mungu wa mtu, tunabeba udongo ulioguswa na mtu. Tuutunze kama ambavyo tungetaka kitu cha bibi yetu kitunzwe.

Akayachukua maneno hayo kwa moyo wote, na kosa lake lilianzia hapo.

Maonyesho ya Riyadh yalipita salama. Ya pili yalikuwa Jeddah, katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe huko Balad, mji wa kale, yenye roshani za mbao na ngazi nyembamba. Lori haliingii vichochoro vile. Tulisukuma makasha kwa mikokoteni ya wapagazi, muuza mazulia mmoja akitulaani kwa ufasaha ambao nikimsikia leo ningemlipia chai. Tukayalaza makasha. Meneja wetu, kijana mwerevu mwenye wakubwa wengi juu yake, alikuja kila mara kuuliza yataamka lini. Nikaweka shavu ukutani, nikamwambia bado.

Asubuhi tuliyofungua, kibao kikatolewa, kikakaguliwa, kikawekwa juu ya meza yenye sponji. Bi Lin akaitwa kuangalia kabati la kioo. Mimi nikaitwa ngaziani, jiwe la chama lilikuwa limefika kwenye kona. Nikamwambia Rehema asimame pale, asimwache mtu akisogelee.

Niliporudi, kibao kilikuwa safi kama sahani. Rehema hakuwepo. Nikasikia viatu vyake upande wa nyuma, penye sinki. Mimi niliyewahubiria watu miaka yote wasikimbie penye vitu, nilikimbia. Alikuwa na kitambaa mkono mmoja, na mwingine tayari juu ya bomba.

"Rehema. Usifungue maji."

Nikamshika kifundo cha mkono. Akanitazama akitabasamu bado. "Nimempangusa, Mzee. Alikuwa na vumbi la kaburi usoni. Nikaona watu watakuja, naye mwenyewe alikuwa maskini, lakini si mchafu. Nilitaka aonekane nadhifu."

Kwenye kitambaa palikuwa na wekundu kama wa pilipili iliyosagwa.

Mnajua mimi sina haja ya kuwaeleza, lakini yeye hakujua, na hakuna aliyemwambia. Lile halikuwa vumbi. Ule ulikuwa udongo alimozikwa, nao ulikuwa umeshikilia rangi ya mwisho iliyobaki, ambayo hata pumzi nzito ingeiondoa. Nikamwambia taratibu. Tabasamu lilitoka usoni pake kidogo kidogo, nalo likawa jambo gumu kulitazama kuliko kibao.

Bi Lin alikuja, akaona, akavuta kiti na kuketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi. Meneja akaja nyuma yake, akauliza nani, akaambiwa. Hakufoka. Alisema halas, basi, Rehema arudi Riyadh na Otieno leo hii, na majaribio yamekwisha. Rehema alivua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine, akaziweka ukingoni mwa meza zikiwa zimenyooka. Akatafuta mfukoni ule ufunguo wa chumba chake, akaushika bila kuutoa.

Nikasema hapana.

"Mzee Mutua," meneja akasema, "hili si birika." Maana hadithi ya birika ilikuwa imemfikia kila mtu.

"Ndiyo maana. Birika ningemwachia yeyote."

Nikamwambia kwa Kiarabu, kwa maneno ya Ami yenyewe, kwamba kwetu mkono uliokosea ndio utakaofunga. Akasema hizo zilikuwa enzi za paleti. Nikamwambia kwamba mwenye kitu yuko hapa, bado hajasema, na mpaka aseme, mimi nimesimama mbele ya huu mlango na hatoki mtu. Mlango wenyewe ulikuwa mpana; ningeweza kupitwa kwa urahisi. Hakuna aliyepita.

Bi Lin hakujua Kiarabu. Akamuuliza meneja kwa Kiingereza yule mzee anasema nini kuhusu mkono. Ikabidi meneja amfasirie, neno kwa neno, na kitu ukishakifafanua vizuri kwa mdomo wako ni vigumu kukikataa kwa mdomo huo huo. Bi Lin akainuka kitini. Kisha akamgeukia Rehema, akachukua kitambaa kipya, akamnyooshea, akampa ishara: nionyeshe ulivyofanya.

Rehema akatazama kwangu. Nikaitikia.

Akakikunja kitambaa katikati, akakikunja tena. Kwa upande mmoja akapita hewani, kichwani, toka juu kwenda chini, bila kurudisha mkono. Akageuza upande mwingine, kifuani, juu kwenda chini. Akageuza tena, magotini. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ndivyo madam alivyomfundisha: uchafu uliotolewa mahali haupelekwi mahali pengine.

Bi Lin akaomba kitambaa kile chenyewe. Akakitandaza juu ya karatasi nyeupe, polepole, upande kwa upande, na sote tukasogea, hata meneja. Upande wa kichwa ulikuwa na udongo na weusi wa nywele. Upande wa kifua ulikuwa na ule wekundu. Upande wa magoti ulikuwa na kijani, chembechembe tu, kama majani ya chai yaliyobaki chujioni. Hatukuwahi kukiona kijani kwenye kibao kile. Wala Bi Lin.

"Rangi haitarudi," Bi Lin akasema. "Nitaandika kwamba imetoka. Na nitaweza kuandika imetokea wapi."

Aliinama pale muda mrefu. Kisha, bila kumtazama meneja, akasema: "Basi atafunga yeye. Nitasimama karibu."

Meneja akasema sawa, abaki mpaka siku ya kufunga. Baada ya kufunga ndipo ataamua. Rehema akautoa mkono mfukoni.

Miezi ya maonyesho aliitumia kukata sponji. Aliokota vipande vya vigae walivyotupa mafundi uani, vyenye ukubwa wa kibao, akavifunga, akavifungua, akaviangusha makusudi ndani ya sanduku asikie vinalia vipi. Vikilia, alianza upya, kama chumba cha madam. Nilimwonyesha kisu kinavyolazwa na sponji inavyokatwa pembeni ili kitu kiingie bila kusukumwa. Mengine aliyapata peke yake. Ijumaa moja walikuja wasichana wa Kenya wanaofanya kazi majumbani, wamevaa vizuri, wanapigana picha. Mmoja akasimama mbele ya kibao, akakisoma uso kwa jicho la kazi.

"Huyu," akasema, "amepanguswa na mtu anayejua."

Rehema akaondoka, akaenda kukaa ngaziani. Nilipomfuata alikuwa akicheka na kufuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na glavu.

Siku ya kufunga, Bi Lin alisimama karibu kama alivyosema, mikono nyuma. Mimi nilikaa mlangoni. Rehema alikata kitanda cha kichwa na kitanda cha magoti. Chini, panapolala mgongo wa kibao, aliacha shimo dogo, ili lile dole gumba la mfinyanzi lisiguswe na kitu safari nzima. Hakuna aliyemwambia. Juu yake akaweka trei ya pili, na ndani ya trei kitambaa, kimetandazwa, kila upande umefunikwa karatasi yake. Bi Lin alitazama shimo lile, akaondoa mkono mmoja mgongoni na kuligusa ukingo wake.

"Kilikuja kitu kimoja," akaniambia. "Vinarudi viwili."

Rehema akafunga skrubu, pembe kwa pembe, kidogo kila mara, kwa bisibisi ya Ami. Alikuwa bado hajainuka meneja alipoingia na wapagazi, gari liko barabarani, uwanja wa ndege unangoja, yalla. Mwenyewe akainama, akazishika kamba za kubebea ubavuni mwa kasha.

"Bosi," Rehema akasema, "hapo panakualika tu."

Wapagazi wakaniangalia mimi. Mimi nikaangalia dari. Meneja alikaa ameinama kitambo, kisha akaziachia kamba, akapitisha viganja chini ya kasha, pale linapoegemea, na kungoja. Rehema akashika upande wa mbele. Walishuka hivyo, yeye mbele, meneja nyuma, na sauti moja tu ikisikika katika nyumba ile yote.

"Ngazi," alisema. "Ngazi. Kona. Ngazi."

Kichochoroni wakaliweka juu ya mkokoteni. Meneja akakung'uta suruali, akamwambia kesho ni zamu ya jiwe la chama, ni zito, aje mapema, atashika mbele. Wiki ile ile karatasi za Rehema zikahamishiwa kampuni.

Yeye ndiye anayewafundisha sasa, na najua hatawasimulia. Kwa hiyo ofisi ikiwaletea karatasi ya kuifuta ile desturi, msitie mkono. Na siku mmoja wenu akikosea, maana atakosea, msimkimbilie kumtafutia tiketi. Mpeni kisu na sponji, na msimame karibu.